Nyumba ya Bibi Zuhura (Majengo) 🏠

Alhamisi

07:12 Shangazi Rukia: Assalamu alaykum watu wa nyumba hii. Jambo ni moja na ni la haraka. Zile skrubu za plastiki za bunduki ya upepo ya Baba zimepotea mbili. Gari la Mwea linaondoka Jumamosi alfajiri, mpunga umeanza kuiva na Baba amesema hapandi bila bunduki yake. Nani anajua zinapouzwa?

07:13 Shangazi Rukia: 📷 Picha

07:13 Shangazi Rukia: Hiyo ndiyo iliyobaki. Nimeiweka kando ya shilingi moja muone udogo wake

07:51 Shangazi Rukia: Mmesoma, naona. Mbona kimya?

08:20 Idi: Wa alaykum salaam Shangazi. Nilidhani ni jino la Swaleh 😂

08:21 Shangazi Rukia: Idi leo sina nafasi na wewe

08:23 Idi: Lakini nauliza tu. Wale ndege kwelea kwelea wanashuka shambani maelfu kwa maelfu. Babu anakunja mtutu, anatia chembe moja, anafunga, analenga. Akimaliza kutia ya pili mpunga ushaisha

08:24 Zainabu: 🤣🤣🤣

08:24 Shangazi Rukia: Wewe Zainabu uko darasani au uko kwenye simu?

08:59 Shangazi Rukia: Hamisi. Wewe uko Luthuli na mafundi wote wa simu na redio. Jibu

11:37 Hamisi: Shikamoo Shangazi, nilikuwa na wateja. Hizo za plastiki ziko huku, ni za nailoni. Mafundi wanafungia bodi za umeme kwa sababu nailoni haipitishi umeme. Nyeupe na nyeusi zote zipo, moja kama shilingi kumi. Shida si kupata, shida ni saizi. Imetoka sehemu gani ya bunduki?

11:38 Shangazi Rukia: Marahaba. Nyuma

11:38 Idi: Nyuma wapi Shangazi, kwenye kitako? 🙈

11:39 Shangazi Rukia: IDI

11:41 Hamisi: Kuna nyuma mbili. Kama ni kile kibao cha mpira kinachokaa begani, hizo ni rahisi, hata skrubu ya mbao ya kawaida inashika. Kama ni kilengeo cha nyuma, kile unachochungulia, hapo kuna kazi. Mle ndani kuna za kushika tu na kuna zile za kuzungusha, zina kichwa kipana chenye meno na zinalia tik tik. Ya kuzungusha haiuzwi duka lolote la skrubu, hiyo inatoka kwa aliyeunda bunduki

11:44 Shangazi Rukia: Hii hailii

11:45 Hamisi: Basi tuna bahati. Bunduki ni ile ya Kihispania, kwa hiyo nyuzi zake ni za milimita. Msimtume mtu Kirinyaga Road akarudi na za inchi, itaingia raundi moja na nusu kisha mtaharibu tundu. Nadhani ni milimita 3 lakini kwa picha siwezi kuapa. Kati ya milimita 3 na 2.5 macho yanadanganya

11:46 Hamisi: Na msiweke ya chuma. Tundu lenyewe ni la plastiki, chuma kitatafuna nyuzi. Afadhali ivunjike skrubu ya shilingi kumi kuliko kilengeo kizima

11:58 Shangazi Rukia: Umesikika. Sasa tufanye hivi, kila mtu achangie kidogo ya skrubu na ya mafuta ya gari. Nakili, ongeza jina lako, usifute la mwenzako

MWEA + SKRUBU
1. Rukia 500 ✅
2. Hamisi (skrubu) ✅
3.
4.
5.

12:30 Idi: MWEA + SKRUBU
1. Rukia 500 ✅
2. Hamisi (skrubu) ✅
3. Idi (maombi) ✅
4.
5.

13:15 Ami Saidi: Wa alaykum salaam. Mimi niko Mombasa, nasoma tu. Ninyi mko hodari sana kutafuta skrubu. Vitu vya Baba vinapopungua chembe moja nyumba nzima inaamshwa. Vya Mama viligawanywa mchana wa sikukuu ya Idi, na mimi nikaambiwa baada ya wiki

13:17 Shangazi Rukia: Kaka hayo si ya hapa

13:18 Ami Saidi: Ya wapi basi? Cherehani ya Mama iliuzwa kwa nani? Mimi ndiye niliyekuwa namtilia mafuta ile mashine tangu niko darasa la pili. Sikuulizwa

13:18 Shangazi Rukia: Mimi sikuuza kitu

13:19 Ami Saidi: Sijasema wewe

13:20 Ami Saidi: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:07)

13:52 Zainabu: Samahanini. Kuna kitu nimesoma kuhusu hizi bunduki za springi. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, bunduki inarudi nyuma halafu inaruka mbele papo hapo. Huo mtikisiko wa kwenda na kurudi ndio unaolegeza skrubu. Kwa hiyo hata zikipatikana zitatoka tena

13:55 Hamisi: Kweli kabisa. Ile gundi ya skrubu ya mafundi wa magari usitie, zingine zinapasua plastiki. Tia tone la rangi ya kucha juu ya kichwa, basi. Ukitaka kufungua unaikwangua

13:56 Idi: Rangi gani? Babu anapenda nyekundu au ile ya zambarau? 💅

13:57 Zainabu: Ninayo ya kumetameta 😂

13:57 Idi: Kwelea wataiona kutoka Embu

13:58 Zainabu: Wataomba na wao wapakwe

14:10 Shangazi Rukia: Mmemaliza? Hamisi, ukipewa bunduki mkononi unaweza kupima?

14:16 Hamisi: Kuna jamaa jirani ana venia ya kupimia. Dakika mbili tu, na nafunga papo hapo

14:17 Shangazi Rukia: Basi Idi, baada ya Alasiri pita kwa Baba uichukue umpelekee Hamisi

14:19 Idi: Nitaifunga kwa leso nipande nayo boda. Nikiulizwa ni mwavuli

14:40 Babu: NIMESOMA YOTE

14:44 Babu: BUNDUKI HAITOKI NDANI YA NYUMBA HII. CHETI KINA JINA LANGU MIMI, HAKINA JINA LA IDI WALA LA HAMISI. ATAKAYEKAMATWA NAYO MJINI ASINIPIGIE SIMU

14:52 Babu: SAIDI. CHEREHANI YA MAMA YAKO HAIKUUZWA. IKO CHUMBANI KWANGU CHINI YA DIRISHA. HUKUULIZA

15:31 Ami Saidi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

16:05 Idi: Shikamoo Babu. Ilikuwa ni mzaha tu

16:48 Shangazi Rukia: Baba tumekusikia. Hamisi, nunua za milimita 3 na za 2.5, nne nne, uzilete wewe mwenyewe Majengo uzijaribu hapo mbele ya Baba

16:49 Shangazi Rukia: Kesho kabla ya sala ya Ijumaa

17:20 Hamisi: Kesho asubuhi nafungua duka peke yangu Shangazi. Jioni je?

17:21 Shangazi Rukia: Jioni ni kuchelewa. Gari ni alfajiri

17:22 Shangazi Rukia: Na mchango? Naona 500 yangu na maombi ya Idi

19:02 Mwanaidi wa Kariobangi: Jamani Mwea ni lini?

19:40 Mama Swaleh: Wa alaykum salaam. Ndio nimeingia nyumbani, simu haikuwa na chaji. Nimeona jina la mwanangu limetajwa. Nimemuuliza Swaleh, anasema hakuifungua yeye, aliikuta imefunguliwa

19:41 Idi: 👀

19:43 Shangazi Rukia: Hakuna aliyesema ni Swaleh

19:44 Mama Swaleh: Idi amesema jino la Swaleh

19:44 Idi: Hiyo ilikuwa jino!

19:50 Shangazi Rukia: Baba, ni nani aliyeifungua?

20:15 Shangazi Rukia: Baba?

21:26 Babu: MWEA NITASEMA KESHO BAADA YA SALA

21:30 Hamisi: Kwa hiyo ninunue au nisubiri?

21:31 Shangazi Rukia: Nunua

21:33 Shangazi Rukia: Ngoja kwanza, nampigia

22:04 Ami Saidi: Rukia, Jumapili kuna mtu atakayekuwa nyumbani? Nauliza tu