Charles Tupper: daktari wa Amherst aliwezaje kuishika Nova Scotia?

Mdadisi
Wakuu, habari zenu. Namfuatilia Charles Tupper wa Nova Scotia, Kanada. Alizaliwa Amherst 1821, akawa tabibu wa vijijini, kisha 1855, mara ya kwanza kugombea, akamwangusha Joseph Howe, mwanasiasa maarufu wa Waliberali, kule wilaya ya Cumberland. Udaktari ulimsaidia nini hasa? Na mbona 1867 Nova Scotia karibu yote ilimgeuka?

Kalamu ya Kale
Mkuu, anza na kazi yenyewe. Alihitimu udaktari Edinburgh, Uskoti, 1843, akarudi kwao kutibu na kufungua duka la dawa. Dawa za usingizi zilichelewa: etha ilikuja 1846 na klorofomu 1847, kwa hiyo miaka yake ya mwanzo mgonjwa alikatwa mguu akiwa macho: anashikwa na watu, mkanda unakazwa juu ya jeraha, kisu kinapita kwenye nyama, msumeno kwenye mfupa, kisha mishipa ya damu inafungwa kwa uzi, mmoja baada ya mwingine. Hapo wepesi wa mkono ndio uliookoa. Hata hivyo wengi walikufa siku chache baadaye kwa usaha, maana hakuna aliyechemsha vifaa.

Sasa pima kisiasa. Daktari anayezunguka kwa farasi, na msimu wa theluji kwa sleji, anajua kila nyumba ina mgonjwa gani na deni gani. Howe alikuwa na jina. Tupper alikuwa ameshaingia mpaka chumbani.

Mwanahistoria
Naongeza: ushindi ule peke yake usingetosha. Chama chake cha Konsavativu kilikuwa kimeshindwa vibaya, na ndiye aliyekishauri kiwavute Wakatoliki na kiunge mkono reli. Howe akagombana na Wakatoliki, serikali ya Waliberali ikaanguka 1857, Tupper akawa katibu wa koloni. (Nova Scotia ilikuwa koloni la Uingereza bado, jimbo la Kanada ni kuanzia 1867.) Mwaka 1864 akawa waziri mkuu wa koloni hilo.

Kilichomchafulia ni shule. Sheria ya 1864 ilileta shule za bure, na 1865 kodi ya kuzigharimia ikawa ya lazima. Mkulima asiye na mtoto shuleni naye alilipa. Wakatoliki walitaka shule zao zitambuliwe kisheria. Akakataa, ila akaiweka Halmashauri ya Elimu mikononi mwa baraza la mawaziri, ambamo wao wasingekosa viti. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Kalamu ya Kale
Hapo sawa kabisa. Kilichommaliza ni Shirikisho, yaani muungano wa makoloni ya Uingereza uliozaa Kanada 1867. Aprili 1866 bunge la Nova Scotia lilipitisha hoja ya kuungana kwa kura 31 dhidi ya 19 bila kuwauliza wapiga kura.  Septemba 1867 wapinga Shirikisho wakatwaa viti 18 kati ya 19 vya Nova Scotia katika bunge la Kanada. Kilichobaki ni cha Tupper, Cumberland, kulekule alikotibu.