Naomba ushauri: niache kazi niende misheni Malawi?

Binti_Chumbageni: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Tanga mjini, nina miaka 26, nimeokoka. Vijana wa kanisani kwetu wanaenda misheni Karonga, Malawi, siku 12, safari ni tarehe 9 Agosti. Tutafundisha watoto, tutaombea wagonjwa nyumba kwa nyumba na kupaka rangi madarasa mawili. Tangu utoto natamani kuhubiri nje ya nchi. Shida ni bosi. Nauza kwenye duka lake la vifaa vya shule, amekataa kunipa ruhusa, kasema nikienda nisirudi. Sili vizuri, usingizi ni wa mang'amung'amu. Niache kazi? Malipo ya kwanza nimeshatoa, kwa hiyo kurudi nyuma ni ngumu.

Konda_Kange: Malawi Mtanzania hahitaji viza, ila pasipoti lazima. Ni 150,000, na uwe na namba ya NIDA. Anza sasa hivi. Halafu msivuke mpaka wa Kasumulu usiku, laleni Mbeya. Wale wabadilisha kwacha wa mkononi watawaliza.

Mwana_Kyela: Karonga hapo ni nyumbani kabisa. Ukivuka daraja la Songwe unakuta Wangonde, na sisi Wanyakyusa tunasikizana nao. Bibi yangu aliolewa ng'ambo hiyo. Tulikuwa tunaenda msibani asubuhi, jioni tuko Kyela, hakuna aliyeita safari ya nje. Jifunze kusema "ugonile", utapokelewa vizuri.

Fundi_Rangi: Mimi ni fundi rangi, naishi Mikanjuni, na hilo la madarasa limenigusa. Kuna shule moja huku pwani nimeiona ikipakwa na makundi matatu ya wageni wa misheni kutoka Ulaya, mwaka huu hawa, mwakani wale. Wana moyo mzuri, siwasemi vibaya. Wanaimba, wanacheza na watoto. Lakini ukuta wa pwani una chumvi. Inabidi ukwangue mpaka plasta, uuache ukauke, upige praima, ndipo uje na rangi. Wao wana siku nne tu. Wanapaka rangi ya mafuta juu ya unyevu, masika ikipita inabanduka magamba magamba, ukipitisha kucha inatoka kipande kizima kama gamba la samaki changu. Na mafundi wa pale tumekaa chini ya mwembe tunatazama kazi yetu ikifanywa bure na watu wasioijua. Sasa na nyinyi mkawafanyie hivyo Wamalawi? Hela ya rangi mpeni fundi wa Karonga, nyinyi mmsaidie kushika brashi.

Binti_Chumbageni: Asante fundi, nitawafikishia viongozi. Ila swali langu ni la kazi.

Mama_Wawili: Mwanangu, hayo malipo ya kwanza ni shilingi ngapi?

Binti_Chumbageni: Laki nne kati ya laki saba. Iliyobaki mwisho Ijumaa.

Mama_Wawili: Na mshahara?

Binti_Chumbageni: 180,000.

Mama_Wawili: Unalipa chumba, unakula, unatoa sadaka. Hiyo laki nne ilitoka wapi?

Binti_Chumbageni: Ni akiba mama.

Babu_Magila: Vijana wa siku hizi mnaita misheni kitu cha siku 12. Mimi nimebatizwa Magila, pale Muheza, na watu wa UMCA, wamisionari wa Kianglikana waliotuletea kanisa, hawakuanzia Tanga. Walianzia huko huko Malawi, mwaka 1861. Mtumbwi wa askofu wao, Mackenzie, ulipinduka, dawa za homa zikazama, na Januari 1862 akafa kando ya mto Shire. Wenzake nao wakaumwa, wengine wakafa, chama kikahamia Unguja, ndipo baadaye wakafika kwetu. Wakakaa. Wakajifunza Kibondei, wakazikwa hapa. Nenda ukasome misalaba kabla ya kupanda basi.

Konda_Kange: Babu, sasa kila anayeenda Malawi afie mtoni? Siku 12 zinamtosha huyu, arudi salama.

Mama_Wawili: Babu tunakuheshimu, ila binti hajanijibu. Mimi nina watoto wawili na kikoba, najua laki nne inavyokusanywa. Akiba ya nani?

Binti_Chumbageni: Naomba msinihukumu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama, Makorora, tuko 22. Nilichukua humo. Sijaiba, nimekopa bila kuandika. Kikoba tunavunja Desemba, nitakuwa nimerudisha yote. Na sijanunua nguo wala simu, nimeipeleka kwenye kazi ya Mungu. Nafsi moja ikiokoka kule, laki nne ni nini?

Mama_Wawili: Nimelia. Wale kina mama hawajui kuwa wametuma mtu Malawi. Kuna mtu humo anaweka hisa ili mwanawe aende kidato cha kwanza Januari.

Mdigo_wa_Mkinga: Mimi ni Muislamu, ya injili siyasemei. Lakini amana ni amana, dada yangu. Mtu akikuwekea mbuzi, huchinji ukasema nimempa maskini.

Binti_Chumbageni: Nilijua mtaniponda. Mngejua jinsi nilivyoomba kabla ya kuituma.

Fundi_Rangi: Dada, ukiomba halafu ukaogopa kuandika kwenye daftari, jibu ulishalipata.

Mpita_Njia: Wakuu, mbona mnakunywa chai mchana kweupe? Kikoba kina sanduku lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Linafunguliwa mbele ya kikao. Sasa huyu alitoaje laki nne peke yake? Uzi wa kutunga huu. Anatafuta wa kumchangia laki tatu iliyobaki, subirini atoe namba.

Konda_Kange: Aisee hilo la kufuli kweli. Mweka hazina hashiki hata ufunguo. Binti tueleze.

Mwana_Kyela: Na mimi nilishangaa mtu wa Tanga apite mikoa yote hiyo kwenda kupaka rangi Karonga. Kyela madarasa hayajaisha.

Mama_Wawili: Mwacheni ajibu.

Binti_Chumbageni: Sitatoa namba na sitaki mchango wa mtu. Sanduku lipo na kufuli zake tatu. Ila masika iliyopita maji yalijaa mtaani, wiki tatu hatukukaa kikao. Mwenyekiti akasema kila mtu atume hisa zake kwenye simu yangu, tukikutana nitazitoa na kuzihesabu mbele yao. Zilifika 465,000. Tulipokutana nilisema laini imefungwa, nashughulikia. Mpaka leo nasema hivyo. Wananiamini kwa sababu nimeokoka.

Mpita_Njia: Hapo kwenye laini nimekuamini. Mama yangu aliambiwa maneno hayo hayo na mweka hazina wao, hakuiona hela yake mpaka anaingia kaburini. Samahani kwa niliyosema.

Mama_Wawili: Kadai ile laki nne kanisani.

Binti_Chumbageni: Niliuliza kwa mbali, wakasema imeshaingia kwenye nauli.

Mama_Wawili: Ulisema inatoka wapi?

Binti_Chumbageni: Hapana.

Mdigo_wa_Mkinga: Basi hujauliza. Mwambie mchungaji kinagaubaga. Na ile 65,000 iliyobaki ipo?

Binti_Chumbageni: Ipo, sijaigusa. Kikao kijacho ni Jumapili saa tisa.

Babu_Magila: Na kazi usiache. Utalipa kwa nini?

Binti_Chumbageni: Nimetoka ibadani. Mchungaji amesema jina langu litolewe kwenye safari, nafasi wampe mwingine, akilipa narudishiwa. Nimelia sana. Sasa niko Makorora kwa mwenyekiti. Kikao kimeshaanza, viatu vimejaa barazani. Naziona kandambili za bluu za mama muuza vitumbua, mkanda mmoja ameufunga kwa waya. Kwenye zile 465,000, yeye ndiye aliyetuma nyingi kuliko wote. Nazima simu.