Naomba ushauri: kuunganisha Mastodon na Bluesky

Habari zenu wakuu. Niko Mastodon, lakini watu wengi ninaotaka kuwasoma wako Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, na sitaki kufungua akaunti kila mahali.

Ninavyoelewa, Mastodon, Pixelfed (ya picha) na PeerTube (ya video) zinasikilizana kwa sababu zote zinatumia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018. Mtu wa Pixelfed akiweka picha, naiona huku huku na kumjibu. Raha sana! Bluesky wao wana itifaki yao, AT Protocol, kwa hiyo lazima pawe na daraja.

Nimesoma kuhusu Bridgy Fed, huduma ya daraja hilo: unafuata akaunti ya daraja, kisha machapisho yako ya wazi yanaonekana upande wa pili. Tatizo, wa Bluesky naye asipojiunga na daraja, simpati.

Mlioitumia, majibu yanafika pande zote? Na nikifuta chapisho huku, kule linafutika kweli? Hili ndilo linaninyima usingizi, maana naandika mambo ya afya na hurekebisha mara kwa mara.

Halafu nataka kuhamia seva nyingine ya Mastodon. Najua wafuasi wa Mastodon nahama nao, machapisho ya zamani yanabaki. Je, wale wa ng'ambo ya daraja nao wanahama, au naanza upya?