Tupeane uzoefu: siku pikipiki ilipokutia adabu porini

Tope Kifundoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Pikipiki ipi ni bora tumeshabishana mpaka tumechoka. Leo tuseme yale tunayoyaficha: siku uliyotoka nyumbani buti zinang'aa, ukarudi unasukuma.

Naanza mwenyewe ili msiogope. Nilikuwa na kama mwaka mmoja kwenye huu mchezo wa kuzurura njia za mashambani. Pikipiki yangu ni cc 250, ya kabureta, ina stata na kiki. Tulikuwa watatu. Tukafika kwenye mto tuliokwisha kuuvuka mara kadhaa, maji ya magoti tu. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji yamechafuka, chini huoni kitu. Wenzangu wakazima injini, mmoja akaokota fimbo akaingia kupima kina. Mimi nikaona ananichelewesha.

Nikaingia na gia ya kwanza, nimesimama kwenye vikanyagio kama kwenye picha. Katikati gurudumu la mbele likapiga jiwe, usukani ukageuka, nikashusha mguu. Mguu haukukuta chini. Pikipiki ikalala upande wa kulia taratibu, kama ng'ombe anayejilaza, na mimi nimeng'ang'ania usukani kana kwamba nasaidia. Injini ikavuta maji, ikakata ghafla.

Kuingia bila kupima ni ujinga wa kawaida. Ujinga wangu mkubwa ni kwamba niliiinua na kubonyeza stata palepale. Ikasema "tk". Nikabonyeza tena, "tk". Mwenzangu akanipiga kofi la mkono: "Acha!" Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikakuta silinda imejaa maji haina pa kwenda, ukilazimisha unapinda konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Kilichoniokoa ni betri iliyokuwa imechoka. Ndiyo siku pekee niliyoishukuru betri mbovu.

Tukaiburuta ukingoni. Siti ikatoka, chujio la hewa likatoka, ile sponji tukaikamua kama nguo. Plagi ikafunguliwa. Tukainua gurudumu la mbele juu kabisa, ekzosi ikamwaga maji nyuma, halafu tukaipindua nzima magurudumu juu. Tulipoisimamisha, nikapiga kiki mara kumi hivi, maji yakaruka kwenye tundu la plagi kama mtu anayesukutua mdomo. Tukalegeza skrubu ya chini ya kabureta, yakatoka maji kwanza, petroli baadaye. Oili kwenye kidirisha ilikuwa bado safi. Ingegeuka nyeupe kama maziwa tusingethubutu kuiwasha.

Kila kitu tayari, jua linazama. Nikanyoosha mkono kuchukua plagi juu ya jiwe. Haipo. Katika watu watatu hakuna mwenye plagi ya akiba. Nilisukuma kilomita sita.

Haya, mje na zenu.

Fimbo Mkononi

Mimi ndiye niliyekuwa napima kina na fimbo. Nakaa hapa kimya nisikilize hii habari ya plagi inaishia wapi.

Gia ya Pili

Yangu fupi. Aliyenifundisha alisema porini breki ya mbele nisahau kabisa, itanirusha. Nikatii. Tukafika mteremko mrefu wa changarawe, nikakanyaga ya nyuma peke yake, gurudumu likaganda, injini ikazima, nikateleza hadi chini kama niko kwenye sabuni. Nilisimamishwa na kichaka cha miiba. Mwiba wa mwisho niliuchomoa siku ya nne, na siwaambii ulikuwa wapi.

Fundi Mstaafu

Pole kijana. Mwalimu wako alichanganya mambo. Ukiteremka, uzito mwingi unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, halishiki kitu. Breki ya mbele ndiyo inayokuzuia. Lakini kwa kidole kimoja, unaikaza pole pole, usukani ukiwa mnyoofu. Ukiidaka ghafla kwa vidole vinne huku umekata kona kwenye kokoto, hapo ndipo alipopaogopa, na ana haki ya kupaogopa. Klachi nayo iwe na kidole chake muda wote, ili gurudumu la nyuma likitaka kuganda uivute, injini isikuzimikie.

Na nikiwa bado nimeshika simu, nami nitubu. Fundi mzima, niliwahi kumkazia rafiki yangu cheni pikipiki ikiwa juu ya stendi. Ikakaa vizuri, haichezi, nikajisifu. Akaenda kuruka matuta. Shokapu ikibonyea, ekseli ya nyuma inazidi kwenda mbali na sproketi ya mbele, cheni inazidi kukaza. Kama haikuwa na ulegevu, inavuta beringi na sili ya shafti ya gia. Alirudi anadondosha oili upande wa kushoto. Cheni ya pikipiki ya porini inaachwa legevu kuliko ya lami, ukiiangalia unaona kama fundi alikuwa mvivu. Mimi siku hizi naomba mtu mzito aikalie ndiyo napima.

Dada wa Geti

Mimi sijaanguka sana (msininunie), lakini aibu ninayo.

Tulipewa ruhusa ya kupita kwenye mashamba ya mzee mmoja mfugaji. Sharti lake moja tu: mageti myaache mlivyoyakuta. Nikaelewa ninavyotaka mimi, kwamba mageti yafungwe. Njiani nikakuta geti liko wazi kabisa. Nikashuka, nikalifunga, na kile kiminyororo nikakizungusha mara mbili. Nikajiona mstaarabu kuliko wote waliowahi kupita pale.

Juma lililofuata mzee alitusubiri njiani, kasimama katikati. Hakupaza sauti, na ndivyo ilivyouma zaidi. Geti lile huachwa wazi makusudi, ndiyo njia ya ng'ombe kwenda kwenye maji. Waliganda upande huu tangu mchana hadi usiku alipokuja kuona kwa nini wanalia. Siku ya joto. Akaniuliza, "Binti, nilisema myafunge?" Sikuwa na jibu.

Alitusamehe, ila ilichukua miezi kadhaa kabla hatujapita tena, na wa kwanza kuomba upya nilikuwa mimi, kwa miguu, bila pikipiki. Sasa nikikuta geti nalitazama kwanza kama mtu anayesoma barua. Limefungwa, nalifunga nikishapita. Liko wazi, naliacha wazi. Na wa mwisho kwenye msafara ndiye mwenye jukumu, la sivyo kila mmoja atadhani wa nyuma yake atalifunga.

Farasi pia. Ukikutana na mpanda farasi, zima injini mapema, sio ukishamkaribia. Vua kofia, halafu ongea. Hata "habari za saa hizi" inatosha. Farasi anaona kitu kikubwa kisicho na uso, akisikia sauti ya mtu anatulia. Mimi huwa namsalimia farasi mwenyewe, wenzangu wananicheka.

Tope Kifundoni

Dada, hiyo ya geti imenichoma. Mimi nimeshafunga kadhaa kwa nia njema hiyo hiyo.

Kilo Mia

Jina linajieleza. Nilisikia wanaume wazima wakisema tairi ya porini ishushwe upepo, 12 psi, inashika kama mkono. Ni kweli. Kwenye matope na mchanga tairi laini inajitandaza, yale meno yanang'ata. Ila waliosema wana kilo sitini, na tulikokwenda ni mawe.

Saa ya kwanza nilikuwa mfalme. Saa ya pili nikapiga ukingo wa jiwe kwa kasi, nikasikia rimu yenyewe inagonga, "kong". Hatua hamsini mbele, nyuma inayumba. Nilipotoa tyubu nikakuta matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Tairi ilibonyea mpaka tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu.

Nilikuwa na tyubu mpya, nikavimba kichwa. Jua kali, vyuma viwili vya kubandulia, mikono imejaa grisi. Upande wa mwisho wa tairi ukagoma kuingia, nikapandisha chuma, nikakikandamiza na goti. Ukaingia. Nikapampu. Nikasikia "ssss". Nimeitoboa mpya kwa chuma changu mwenyewe. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Alinikuta kijana mmoja mwembamba na pikipiki kuukuu ya tuu stroku. Hakunicheka. Alibandika viraka viwili kwenye ile ya kwanza, kwa sababu matundu yake yalikuwa madogo na safi, kisha akaitia upepo kidogo sana, ipate umbo tu, isijikunje ndani. Halafu akapiga magoti juu ya tairi, upande ulio mkabala na pale alipokuwa anamalizia. "Katikati ya rimu kuna bonde," akasema. "Ukingo wa tairi ukilala bondeni huku, kule unapata nafasi." Kipande cha mwisho alikiingiza karibu kwa mikono mitupu. Miaka yote nilikuwa nashindana nguvu na tairi, kumbe ni suala la kupiga magoti mahali sahihi.

Siku hizi kwenye mawe naweka 15, najipanga na uzito wangu. Na ile nati ya pili iliyo karibu na valvu, inayobana tairi kwenye rimu, msiipuuze. Upepo ukiwa mdogo tairi huzunguka peke yake na kung'oa valvu.

Resi Kali

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Nilitoa silensa nikaweka bomba tupu, pikipiki ikawa na nguvu. Wenye mashamba waliotufungia njia walikuwa na roho mbaya tu.

Fundi Mstaafu

Ikawa na kelele, kijana. Nguvu ulizisikia kwa masikio. Kabureta hukuirekebisha, ukaondoa silensa, hapo mara nyingi unapoteza nguvu za chini ambazo ndizo unazozihitaji mlimani. Na mtu aliyeko shambani kwake hasikii nguvu zako, anasikia kelele zako.

Resi Kali

Sawa mzee. Nimeirudisha tangu mwaka jana, nilitaka tu nione kama kuna atakayenitetea.

Nusu Tangi

Nilikwenda peke yangu. Najua, najua. Alasiri fupi, kijia ninachokifahamu, lita tano kwenye tangi. Nikaona kijia kingine kinachepuka kushoto, kizuri, kimejaa kivuli. Nikakifuata. Kikazaa viwili, na hivyo navyo vikazaa. Baada ya saa moja nikakutana na alama za tairi mbichi, nikafurahi kwamba kuna mwenzangu. Nikazifuata. Zilikuwa zangu.

Injini ikaanza kukohoa. Nikasema hakuna shida, kuna akiba. Nikainama kugeuza koki ya mafuta iende upande wa akiba, kidole kikakuta imeshageuzwa. Tangu matembezi ya mwisho! Akiba nilikuwa nimeshaila bila kujua.

Nililala chini kama dakika tano, natazama matawi. Kisha nikakumbuka kwamba tangi la pikipiki limekalia chuma cha fremu kama tandiko, lina mabega mawili, na koki yangu iko bega la kushoto. Nikailaza pikipiki upande wa kushoto, nikasikia "glop" ndani, mafuta ya bega la kulia yamevuka. Nikaisimamisha, kiki mbili, ikawaka. Yalinifikisha kwenye barabara ya trekta, na hapo kuna mtu aliyenigawia lita moja.

Nilijifariji na habari za Thierry Sabine, yule Mfaransa aliyepotea na pikipiki kwenye jangwa la Libya mwaka 1977, wakati wa mbio za Abidjan hadi Nice. Aliokolewa, na tarehe 26 Desemba 1978 alikuwa ameshaanzisha mbio zake mwenyewe, Paris hadi Dakar. Mimi nilianzisha tabia ya kugusa koki kabla ya kutoka nyumbani. Kila mtu na kipimo chake.

Gia ya Pili

Zilikuwa zangu 😂😂 Mkuu umeniua.

Dada wa Geti

Nusu Tangi, sasa hivi unampa mtu taarifa kabla ya kwenda peke yako? Mimi namwachia dada yangu njia nitakayopita na saa ya kurudi. Nikichelewa saa mbili anaanza kutafuta.

Nusu Tangi

Namwachia mke wangu. Yeye kasema dakika thelathini, sio saa mbili.

Kilo Mia

Tusitoke kwenye mada. Mwanzisha uzi, plagi ulipata?

Tope Kifundoni

Nilijua mtarudi hapo.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na uhakika kwamba Fimbo Mkononi aliipiga teke ikaingia mtoni wakati tunapindua pikipiki. Nilimwambia hivyo usoni. Hakujibu kitu, akaninunulia nyingine. Wiki mbili baadaye nafua glavu, nikasikia kitu kigumu kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Niliiweka humo isilowe. Sikuwahi kumwambia. Kaka, kama unasoma, samahani.

Fimbo Mkononi

Nilikuona ukiiweka.

Tope Kifundoni

Eti?

Fimbo Mkononi

Nilikuona. Nikasema huyu aliyekataa kusubiri dakika tatu nipime kina, acha asukume kidogo. Nilipanga nikwambie baada ya kilomita moja. Halafu ukaanza kunitukana.