Bomba la inchi mbili, mita 180: linabeba lita ngapi?

MajiRuai
Habarini wakuu. Tumelaza bomba jipya la HDPE (plastiki ngumu) la 63 mm, lile linaloitwa la inchi mbili, mita 180, kutoka tangi la kisima hadi nyumba za kupangisha hapa Ruai. Kabla ya kuwafungulia wapangaji maji tunataka kulisafisha kwa klorini ya unga, 65% (yaani klorini halisi ni 65% ya unga). Kipimo kinategemea ujazo wa bomba. Fundi mmoja anasema lita 561, mwingine 374. Nani yuko sawa?

FundiValvu
Huyo wa 561 ametumia 63 mm, ambacho ni kipenyo cha nje. Maji yanakaa ndani, kwa hivyo soma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa bomba. Ukiona 63 x 5.8, PN16, hiyo 5.8 ni unene wa ukuta kwa mm, na PN ni daraja la presha ambayo bomba linahimili. Utoe mara mbili, maana ukuta uko pande zote: 63 − 11.6 = 51.4 mm. Wengi huutoa mara moja tu.

Sasa badilisha iwe sentimita: 5.14. Izidishe kwa yenyewe, upate 26.42, kisha zidisha kwa 0.07854 (ni pai gawanya kwa 40). Jibu ni lita 2.075 kwa kila mita. Kwa mita 180 ni lita 373.5, kwa hivyo wa pili yuko sawa iwapo bomba ni PN16.

MajiRuai
Asante mkuu. Nimelisoma: 63 x 3.8, PN10.

FundiValvu
Basi wote wawili wamekosea. 63 − 7.6 = 55.4 mm, yaani lita 2.41 kwa mita, jumla 434. Bomba la PN10 lina ukuta mwembamba, ndiyo maana linabeba zaidi ingawa kwa nje yanafanana. Kama kuna kipande kilichobaki, kikate mita moja kamili, ziba mwisho mmoja, ujaze kwa jagi lenye vipimo. Kikishika karibu lita 2.4, hesabu yako ni nzuri.

Mama_Tangi
Naongezea upande wa klorini. Lenga miligramu 50 kwa lita, ikae saa 24. Kwa lita 434 unahitaji gramu 21.7 za klorini halisi. Gawanya kwa 0.65, ni gramu 33 za unga. Lakini usitayarishe lita 434 pekee, kwa kuwa maji ya mbele humwagika wakati wa kutoa hewa. Tayarisha 500, gramu 38.5. Koroga unga kwenye ndoo ya plastiki yenye maji (tia unga kwenye maji, usimwage maji juu ya unga), vaa glavu, acha mashapo yatulie, kisha mimina maji ya juu tu tangini.

Kwanza sukuma maji safi kwa nguvu yatoe udongo, halafu mwaga bomba lote liwe tupu. Funga valvu za nyumba zote. Jaza polepole, mwisho wa mbali ukiwa wazi, na utazame tangi limeshuka lita ngapi hadi maji yatoke huko bila mapovu. Likishuka 380 hivi, kuna hewa imenaswa mahali bomba limepanda, au halikumwagika lote. Penye hewa klorini haigusi juu ya bomba, kwa hivyo toa hewa hapo kabla ya kuanza kuhesabu saa. Likishuka 470, kuna kiungo kinachovuja.