Kuchora mbele ya watu usiku wa muziki: nilichokiona usiku sicho nilichokikuta asubuhi

Mchoraji wa Dunda ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mchoraji, ninaishi Bagamoyo, na kwa miaka sita sasa kazi zangu nimezifanyia barazani, mchana, kwa utulivu. Mwezi uliopita nilialikwa kwa mara ya kwanza kuchora mbele ya watu katika usiku wa muziki ufukweni. Bendi ilipiga upande wa kulia wa jukwaa, nami nilikuwa kushoto na kanvasi ya mita moja kwa mita moja na robo, kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Watu walifurahi, wengine walisogea kila wimbo ulipokwisha ili waone nimefika wapi, na niliondoka nikiamini kwamba nimefanya kazi nzuri.

Asubuhi nilipoitoa picha nje, nguvu ziliniisha. Nilikuwa nimemchora mwanamke aliyejifunga kanga, na pindo la kanga ile nilikusudia liwe jeupe lenye maua mekundu. Usiku, taa za jukwaa zilipokuwa nyekundu, maua yale yalipotea machoni pangu, nikayarudia, yakapotea tena, nikayarudia mara ya tatu kwa rangi nzito zaidi. Mchana ule pindo lote lilikuwa limejaa wekundu hata ua moja halitenganiki na jingine, na shavu la mama yule, ambalo nilidhani nimelipaka kahawia, lilikuwa la kijani kibichi. Nilikuwa nimechovya kopo jingine bila kujua.

Nimealikwa tena baada ya wiki tatu na ninataka sana kuifanya kazi hii vizuri, kwa hiyo ninaomba msaada wa waliotangulia. Taa zile mnaziwezaje? Upepo wa bahari uliitikisa kanvasi usiku kucha na mchanga ukanata kwenye rangi mbichi. Hilo nalo lina dawa? Je, ni lazima picha iufuate muziki, au ninaweza kuchora jambo langu huku bendi ikiendelea na lake? Mwisho, siku ya pili mwenye shughuli alimtuma mtu kuichukua picha, akisema kwamba malipo ya usiku ule yalikuwa na picha ndani yake, jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza. Nilimpa kwa sababu sikujua haki yangu inaanzia wapi.

Fundi Rangi wa Chumbageni amejibu:

Dada yangu, pole, na ninataka ujue mapema kwamba mkono wako haukukosea. Rangi haina mwanga wake yenyewe, bali hurudisha sehemu tu ya mwanga unaoiangukia. Taa ikiwa nyekundu tupu, eneo jeupe la kanvasi na ua jekundu vyote vinarudisha wekundu uleule, ndiyo maana jicho halikuona mpaka kati yake, wakati kijani, bluu na kahawia iliyokoza vyote huonekana vyeusi. Ndiyo sababu kopo la kijani na la kahawia yalifanana mbele yako kama mapacha. Taa ikigeuka bluu, zamu ya nyekundu inafika, nayo inaonekana nyeusi.

Wengi hudhani dawa ni kumwomba fundi wa taa aweke taa nyeupe. Hiyo inasaidia kidogo tu, kwa sababu taa nyingi za jukwaa za siku hizi ni za LED zenye vijitaa vyekundu, vya kijani na vya bluu, na weupe wake hupatikana kwa kuviwasha vyote vitatu kwa pamoja. Ukiutazama mwanga wenyewe utauona mweupe, lakini ukiangukia rangi ya manjano au rangi ya ngozi ya mtu unaipotosha. Na hata fundi akikubali mwanzoni, wimbo wa tatu ukichangamka atasahau kabisa kwamba upo.

Nenda na taa zako mwenyewe. Mimi ninatumia taa mbili za kuchaji, zenye joto la rangi la Kelvin 4000 hadi 5000, yaani mwanga mweupe usioegemea sana manjano wala bluu, na kwenye boksi ninatafuta maandishi ya CRI 90 au zaidi, kwa kuwa namba hiyo ndiyo inayoeleza jinsi taa inavyozionyesha rangi kwa ukweli. Zifunge juu ya fremu, moja kila upande, zimulike kanvasi kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, ili rangi mbichi isikurudishie mng'ao machoni, kisha uzivishe kikofia cha kadibodi upande wa hadhira. Bila kikofia hicho watazamaji wataona taa mbili kali na hawataiona picha.

Jambo la pili ni mpangilio wa makopo. Yangu ni manane, yamepangwa kwa mstari mmoja ambao haujabadilika kwa miaka mingi, na kila kifuniko kina karatasi ya kunata yenye namba niliyoiandika kwa kalamu nene. Nyeupe ni namba moja, iko kushoto kabisa, na nyeusi iko kulia kabisa, mbali na nyenzake. Hata umeme ukikatika, mkono wangu unajua bluu iko wapi. Usiende na rangi ishirini. Nenda na chache ulizozichanganya nyumbani mchana, hasa rangi ya ngozi, kwa sababu rangi ya ngozi ikichanganywa chini ya taa za jukwaa haitoki sawa hata kwa mchoraji mzoefu. Kumbuka vilevile kwamba akriliki, yaani rangi inayochanganywa kwa maji, ikikauka hukoza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, basi ichanganye ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka.

Na umbo lote liwe limekwisha kuwekwa nyumbani kwa mkaa na rangi nyembamba ya chini. Si udanganyifu, kwa maana hata wanamuziki hawatungi nyimbo zao jukwaani. Saa nne za usiku ni chache mno kuanza kutafuta mahali pa kuweka kichwa cha mtu.

Mama Kanvasi amejibu:

Mdogo wangu, ya taa yamekwisha kusemwa, nami nitasema ya upepo, maana umenitesa sana pale Raskazone, ufukweni Tanga, kabla sijauelewa. Kanvasi ya ukubwa huo, ikisimama ufukweni, ni tanga. Itashika upepo kama tanga la ngalawa na kuvuta stendi nzima, kwa hiyo usiielekeze baharini wala usiipe bahari mgongo. Isimamishe ubavu ukielekea upepo, kisha ufunge miguu ya stendi kwa kamba kwenye ndoo mbili zilizojaa mchanga. Ukiweza, acha kanvasi uchukue ubao mgumu, ule ambao wachoraji wa Tingatinga wameutumia tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968. Hautikisiki chini ya brashi, na gharama yake ni ndogo.

Lakini rangi zao za mafuta usizibebe kwenye shughuli za usiku. Ninazipenda mno, na mng'ao wake hauna mfano, ila tina yake inawaka moto kwa urahisi na harufu yake inaumiza kichwa mahali penye watu wengi na wavuta sigara, tena hazikauki usiku uleule. Akriliki hukauka maji yake yanapoondoka, na hapa pwani utaona mambo mawili yanayopingana: hewa ina unyevu unaochelewesha rangi nzito kwenye kanvasi, huku upepo ukikausha haraka rangi kidogo iliyo kwenye kibao cha kuchanganyia. Shika chupa ya kunyunyizia maji, unyunyizie kibao kila nyimbo mbili, na kwenye kanvasi upake tabaka nyembamba nyembamba. Mchanga ukinata, usiufute. Acha rangi ikauke hadi kesho, kisha upangusie kwa brashi kavu na ngumu, nao utatoka karibu wote. Ukiufuta rangi ikiwa mbichi unauzamisha ndani.

Mpiga Ngoma amejibu:

Mimi si mchoraji, lakini nimepiga nikiwa jukwaa moja na wachoraji mara nyingi hapa Bagamoyo, mji ambao Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981 na leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa hiyo vijana wengi hapa wamezoea kuona sanaa zikikaa pamoja. Nitajibu swali la muziki.

Fika saa ya kujaribu mitambo, si saa ya shughuli. Omba orodha ya nyimbo na urefu wake, uulize ni wapi pana utulivu na ni wapi ngoma zinapanda. Huna haja ya kuchora maneno ya wimbo, ila mwili wako unaonekana, na watu wanautazama mkono wako kama wanavyoitazama mikono yetu. Maeneo mapana ya mandhari yaache kwa nyimbo za kasi, na macho, vidole na pindo la kanga uyaweke kwenye nyimbo za taratibu. Marimba ya Kigogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka duniani huku akiishi hapa hapa hadi alipofariki mwaka 2003, huzunguka mahali pamoja kwa muda mrefu na kubadilika kidogo kidogo, na wachoraji niliowaona wakichora juu ya mzunguko wa namna hiyo walikuwa watulivu kuliko wakati wowote. Mdundiko ni kinyume chake. Ukianza, watu wote wanatembea, na hakuna atakayekutazama, basi tumia nafasi hiyo kunywa maji na kuiangalia picha yako kwa mbali.

Tafadhali usisimame mbele ya spika. Kipimo kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi ni sauti ya desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo unapungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100, kiwango cha kawaida karibu na spika za tamasha, umebakiwa na robo saa tu. Wewe unasimama saa nne. Simama nyuma ya mstari wa spika kubwa, na uvae vizibo vya masikio. Mimi nilichelewa kuvivaa, na sikio langu la kushoto linalia hadi leo nikiwa kitandani.

Mwanasheria wa Pwani amejibu:

Kuhusu picha iliyochukuliwa, yatenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya: malipo ya kuchora mbele ya hadhira, picha yenyewe kama kitu kinachoshikika, na hakimiliki ya picha hiyo. Mtu anaweza kulipia la kwanza bila kununua la pili, na anaweza kununua la pili akaitundika ukutani kwake bila kupata ruhusa ya kuichapisha kwenye fulana au mabango ya shughuli ya mwaka ujao. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inasajili kazi za sanaa.

Andika ukurasa mmoja tu kabla ya siku, usainiwe na pande zote mbili: kiasi cha malipo, nusu itangulie, nani atabaki na picha, ikinadishwa usiku ule fedha zigawanywe vipi, na shughuli ikivunjwa na mvua nini kitafuata. Kwa picha ya mwezi uliopita, mwandikie mwenyeji barua ya heshima sasa hivi ukieleza kwamba hukumpa haki ya kuizalisha. Usingoje uione kwenye bango.

Mchoraji wa Dunda amejibu:

Ninawashukuru sana, kaka zangu na dada yangu. Jana usiku nilizima taa ya barazani, nikamwomba mwanangu avishe tochi nailoni nyekundu na kuimulika kanga iliyokuwa kwenye kamba. Maua yalipotea palepale, ukabaki mji wa kanga peke yake, mweusi, ambao mchana ni wa kijani. Alipoitoa nailoni, yakarudi yote. Tulirudia mara tano, naye akacheka kila mara.

Barua nimeiandika leo asubuhi. Makopo nimeyapunguza hadi saba na kuyapa namba, na rangi ya ngozi nimeichanganya mitungi miwili, mmoja wa upande wenye mwanga na mmoja wa upande wa kivuli. Fundi Rangi, ninaomba jambo moja la mwisho: taa zako mbili zinakaa na chaji saa ngapi, ili nijue kama ninahitaji ya tatu ya akiba?

Fundi Rangi wa Chumbageni amejibu:

Zangu hudumu kwa muda wa saa tatu zikiwa zimewashwa kwa nguvu zote. Chukua ya tatu, dada, na uibadilishe bendi inapopumzika, si katikati ya wimbo.