Aliyeuvunja ufalme wa Israeli ni Rehoboamu au Sulemani?

Mtoa mada
Mahubiri mengi humtwisha Rehoboamu, mwana na mrithi wa Sulemani, lawama yote: watu walipomwomba awapunguzie mzigo, aliwapuuza wazee, akawasikiliza vijana, makabila 10 yakajitenga. Napinga. Nyumba ilikuwa na nyufa kabla hajairithi. Fungueni 1 Wafalme 4 mpige hesabu. Meza ya Sulemani kwa siku moja: kori (kipimo cha nafaka) 30 za unga mzuri, kori 60 za unga wa kawaida, ng'ombe 30, kondoo 100, mbali na paa na kuku. Nchi iligawiwa maakida 12, kila mmoja alishe jumba la mfalme mwezi mmoja kwa mwaka. Kwa siku 30, wilaya moja ilitakiwa kori 2,700, na kori hukadiriwa kuwa lita 220 hivi. Ongeza kondoo 3,000 na ng'ombe 900. Ng'ombe 900 wakitoka kwa wakulima wa wilaya moja, nani anabaki wa kukokota plau?

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, hesabu nazikubali, ila 1 Wafalme 9:22 inasema Sulemani hakuwafanya Waisraeli watumwa. Aliowatumikisha ni mabaki ya Waamori, Wahiti na wenzao. Na 4:20 inasema watu walikula, wakanywa, wakafurahi. Halafu tazama watu waliokusanyika mji wa Shekemu kumtawaza Rehoboamu walimwomba nini. Hawakutaka kongwa, yaani mzigo wa utumishi, liondolewe, walitaka lipunguzwe, wakaahidi kumtumikia. Alikuwa na siku tatu za kufikiri. Mzigo aliurithi, jibu la kuuongeza alilitoa mwenyewe.

Mtoa mada
Hiyo 9:22 isome pamoja na 5:13-14. Shokoa, yaani kazi ya lazima kwa mfalme, ya watu 30,000 kutoka Israeli yote, zamu za watu 10,000: mwezi mmoja Lebanoni, miezi miwili nyumbani. Maana yake kila mmoja hayupo shambani miezi minne kwa mwaka. Zamu ikiangukia mavuno ya shayiri, mundu unabaki kwa mama na watoto, na nafaka iliyokauka haisubiri mtu. Hekalu lilichukua miaka 7, nyumba ya mfalme 13. Na 11:28 inasema Yeroboamu aliwekwa kusimamia kazi ya nyumba ya Yusufu, yaani Efraimu na Manase. Aliyekuja kuwa mfalme wa kaskazini aliujua mzigo ule kutoka ndani.

Mchangiaji wa pili
Wote mmepita Shekemu mbio. Neno "vijana" linatupoteza. Kwa mujibu wa 14:21, Rehoboamu alianza kutawala akiwa na miaka 41, na wale vijana walikua pamoja naye. Ni watu wazima wa rika lake, walioizoea meza ile ile ya kori 90. Anayetoa ng'ombe hawakumjua. Kwa hiyo wanaotumia habari hii kuwanyamazisha vijana kanisani wanaionea.

Kosa ninaloliona zito kuliko yote lilikuja baada ya jibu. Kwa watu waliolalamikia shokoa, mfalme alimtuma nani? Adoramu, mkuu wa shokoa! Wakampiga mawe akafa, mfalme akarukia gari lake kukimbilia Yerusalemu. Alikuwa na wazee wa kuwatuma, waliomshauri aseme maneno mazuri. Hilo Sulemani hahusiki nalo.

Mchangiaji wa tatu
Mbona hakuna anayeuliza Yuda ililipa nini? Someni 4:8-19. Efraimu, Naftali, Asheri, Isakari na Benyamini wametajwa. Yuda hutaiona kwa jina katika zile wilaya. Ile miji 20 ambayo Sulemani alimpa Hiramu, mfalme wa Tiro, nayo ilikuwa ya Galilaya, kaskazini. Kama kabila la mfalme lilisamehewa, basi mpaka ulichorwa na Sulemani mwenyewe.

Ila simwachii yeye peke yake. Kelele ya Shekemu, kwamba hatuna sehemu katika Daudi, Sheba mwana wa Bikri alikwisha kuipiga Daudi akiwa hai, 2 Samweli 20:1. Na ugomvi uliotangulia pale ulikuwa huu huu, Yuda na makabila mengine wakigombania nani ana haki zaidi kwa mfalme. Daudi aliuzima kwa jeshi la jemadari wake Yoabu. Nionyesheni mahali alipokaa na makabila hayo kusikiliza shauri lao.